Marehemu wa Kuazima

Asubuhi ile Nestor Siongco alijitwika mfuko wa nguo nyeusi za mkewe, na kila jirani aliyemuuliza safari ya wapi alimjibu kwamba anamsindikiza Amparo kazini. Alilisema kwa sauti yake ile nene yenye bashasha, na majirani wa mtaa wetu hapa Marikina wakazidi kumpenda. Mume gani huyo, walisema, anayembebea mke mfuko. Hawakujua kwamba hakupata usingizi, na kwamba alikuwa anakwenda ili akaone mkewe anaharibu wapi.

Amparo alikuwa amepata filamu. Si tamthilia ya televisheni wala tangazo la sabuni. Ilikuwa filamu ya vijana wasio na kampuni kubwa nyuma yao, wale wanaochangishana, wakaazima kamera, wakaazima na nyumba za watu, kisha wakapeleka kazi yao kwenye matamasha ya ng'ambo. Na yeye ndiye mhusika mkuu. Miaka ishirini na kitu alikuwa jukwaani akicheza mjakazi wa pili, mama wa rafiki wa bwana harusi, muuza samaki anayekufa mapema. Sasa, akiwa na miaka arobaini na minne, alipewa hadithi nzima aibebe peke yake. Akifanya vizuri ataitwa tena. Akiharibu, basi, maana mwigizaji wa kike wa umri ule hapewi nafasi ya pili. Hilo alilijua yeye, na Nestor alilijua zaidi, kwa sababu Nestor alikuwa mwigizaji kabla yake.

Tena mwigizaji hasa. Enzi zake alikuwa ndiye anayesimama katikati ya jukwaa, na ndiye aliyemfundisha Amparo kupumua kwa tumbo na kutupa sauti hadi viti vya nyuma. Siku hizi alikuwa anafungiwa kwenye chumba kidogo cha kurekodia, akiwatilia sauti ya Kitagalogi, lugha yetu, wanaume wa tamthilia za Korea. Anapenda kwa niaba yao, anatukana kwa niaba yao, anaomba radhi kwa niaba yao, na hakuna anayeijua sura yake. Mwenyewe alisema ni kazi kama kazi nyingine, na alisema hivyo mara nyingi mno.

Na hapa niseme wazi, maana watu wa kuzungukazunguka wananichosha. Nestor alikuwa na wivu. Wala si wivu wa mwanaume mwingine. Huo angeuweza, angepiga meza, mke angelia, shangazi angewasuluhisha, wangekula. Yeye aliionea wivu kazi yenyewe. Amparo alipokuja na habari kwamba amechaguliwa, alimkuta anabanika dagaa. Nestor hakugeuka. Aliuliza tu, "Wamekosa mtu?"

"Labda," Amparo akasema, akaenda kuosha mchele.

Toka siku hiyo hakumwacha apumue. Alimwambia analia kwa pua. Alimwambia mtunzi wa filamu ni mtoto, hajawahi kufiwa hata na paka. Kijana mwongozaji alipopiga simu, Nestor aliitazama simu inaita mpaka ikanyamaza, kisha akarudi kwenye gazeti lake. Amparo alijifunzia maneno yake chooni, maji yakimwagika kwenye ndoo ili asisikike. Mwanamke mzima, nyumbani kwake.

*

Siku hiyo walikuwa wanarekodi tukio kubwa, lile la mkesha wa msiba. Mke amebaki peke yake mbele ya jeneza la mumewe na anazungumza naye, kamera haikatwi wala haihamishwi, mwanzo hadi mwisho. Filamu yote ilikaa juu ya tukio hilo. Mwongozaji, kijana mwembamba jina lake Emil, alikuwa ameazima nyumba ya mjomba wake, akaita akina mama wa mtaani waje wawe waombolezaji, akaazima na jeneza lenye kioo upande wa kichwa, kama majeneza yetu yalivyo. Jeneza ndilo lilikuwa la shida. Lilikuwa na mtu wake. Familia moja upande wa pili wa mto ilikuwa inalisubiri, na mwenye duka la majeneza alikuja nalo mwenyewe, akakaa barazani akivuta sigara, akasema alasiri analichukua, filamu imekwisha au haijaisha.

Kwa hiyo fikiria hali ilivyokuwa pale marehemu alipokataa kuja. Mzee aliyepangiwa kulala jenezani alituma ujumbe kwamba mkewe ameota meno yake yanang'oka, na kwa ndoto kama hiyo hawezi kuingia kwenye jeneza hata kwa mchezo. Hakuna aliyemlaumu. Ndoto ya meno ni ndoto ya kifo, hata mtoto anajua. Emil alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. Kisha akainua macho akamwona Nestor, mwanaume wa makamo amesimama na mfuko wa nguo.

"Kuya Nestor," akamwita, kwa adabu ya mdogo kwa kaka mkubwa. "Samahani, nikuombe jambo. Kazi yenyewe si ngumu. Unalala tu."

"Nalala wapi?"

"Mle ndani. Najua hujawahi kuigiza, lakini usiogope. Huna cha kusema."

Amparo alikuwa ameketi kando anasukwa nywele, akasikia. Akafungua mdomo, na Nestor akamwona, akainua kiganja kumzuia. Kumtetea kungemuumiza kuliko kutukanwa. Akamwambia Emil kwamba atajaribu. Kijana akamshika mikono yote miwili kwa kumshukuru, akaenda zake akifurahi, na hadi leo hajui alichomfanyia mtu mzima yule.

Kwa nini alikubali? Kwa sababu walikuwa wameshaanza kumtaja kinyozi wa mtaa, na Nestor hakutaka Amparo amlilie kinyozi. Na kwa sababu akiwa mle ndani angekuwa karibu naye kuliko kamera, angeyasikia makosa yote.

Aliyepinga alikuwa Shangazi Loleng, dada wa baba yake Nestor, aliyekuja kama mwombolezaji na alikuwa ameshapanga pahala atakapokaa ili aonekane vizuri. Alisema mtu mzima hajilazi kwenye jeneza la mwenzake. Walipomshinda kwa maneno, alimfunga mpwawe kitambaa chekundu kwenye kifundo cha mguu, ndani ya soksi, kifo kisimtambue. Kisha akamgeukia Amparo na kumnyooshea kidole.

"Na wewe, lia unavyotaka, lakini chozi lisianguke juu ya kioo. Huyu bado yuko hai."

*

Wakamlaza. Wakampaka unga usoni, wakamfumbatisha rozari mikononi, wakaufunga upande wa miguu, wakaweka kijiti chini ya kioo ili hewa ipite. Nestor akafumba macho. Jeneza lilinuka gundi na kitambaa kipya. Akawasikia akina mama wakinong'ona kwamba kapendeza, kisha Emil akaamuru, kimya, twende.

Amparo akaanza. Maneno Nestor aliyajua, alikuwa ameyasoma kwa siri na kuyacheka. Mwanamke anamuuliza mumewe ameweka wapi funguo, ameweka wapi hati ya nyumba, nani atamfungulia mtungi wa gesi. Mambo madogo madogo. Nestor akasubiri kilio cha pua. Badala yake kikaja kitu asichokijua. Kilianza chini sana, kama mtu anayesukuma mlango mzito, kikapanda, kikakatika, kikarudi. Ngozi ya mikono ikamsisimka juu ya ile rozari. Katika ndoa yao yote hakuwahi kukisikia kilio kile.

Na hapo ndipo wivu ulipogeuka ukawa kitu kibaya zaidi. Alimkumbuka mama yake. Mama yake alipofariki, Amparo aliosha vyombo vya waombolezaji usiku wa siku zote tisa za matanga, akapika kahawa, akagawa biskuti, na jioni ya mazishi akaenda jukwaani kucheza mjakazi wake wa pili, macho makavu. Nestor alimsamehe kwa kusema kwamba mke wangu si mtu wa machozi. Kumbe machozi alikuwa nayo. Alikuwa ameyaweka akiba, na leo anayatoa mbele ya watu wa kamera ambao hawajui hata jina la mama.

Chozi likadondoka juu ya kioo. Alilisikia. Na kabla hajajua afanye nini, alisikia kiti kikianguka na miguu ikikimbia, na sauti ya Shangazi Loleng inasema toka hapo, toka, unamuua mtoto wa kaka yangu. Alikuwa amesahau kila kitu, kamera, Emil, nafasi yake ya kuonekana. Alimsukuma mjane pembeni akafuta kioo kwa leso, akakifuta tena kwa upindo wa gauni, huku akisali. Wote wakacheka, hata mwenye jeneza kule barazani. Amparo peke yake hakucheka. Alisimama pale alipotupwa, uso umelowa, kama mtu aliyemwaga sufuria zima la chakula.

Nestor alifurahi. Sina namna ya kulisema kwa upole. Alilala mle na uso wake wa unga, akafurahi.

Emil hakukata tamaa. Shangazi alikalishwa nyuma kabisa, akapewa mwanamke wa kumshika mkono. Amparo akaomba dakika, akanywa maji, akasema yuko tayari. Akaanza upya, na wote walidhani kwamba kilio kama kile hakiji mara mbili kwa siku moja. Kilikuja. Safari hii aliuinamisha uso pembeni ili kioo kibaki kikavu, na kule kujizuia kukakifanya kilio kiwe kizuri zaidi. Kijana wa kamera alikuwa anauma midomo. Amparo akapanda, akapanda, akafika pale juu kabisa ambapo mwigizaji hufika mara chache maishani mwake.

Nestor akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo tu. Lakini mtu aliyewahi kukaa jukwaani anajua tofauti ya kikohozi kinachokuponyoka na kikohozi unachokitoa. Emil akasema kata, kwa sauti ya kuchoka. Mwenye jeneza akaingia ndani, akaitazama saa yake bila aibu, akasema ile familia imeshapiga simu, padri yuko njiani. Wakambembeleza. Mara moja ya mwisho, akasema, halafu nainua mali yangu na aliyemo ndani yake.

Emil akainua kioo, akamwinamia Nestor, akamfundisha kupumua. "Kwa pua, Kuya, polepole, tumbo lisipande. Hivi." Akamwonyesha. Nestor, ambaye alikuwa akifundisha pumzi watu wa ukumbi mzima huyu kijana bado ananyonya, akamtazama akipumua, akasema asante.

Kisha Amparo akaja. Alijifanya anamnyooshea ukosi wa shati.

"Mimi na wewe tunajua kile hakikuwa kikohozi," akamwambia taratibu.

"Vumbi," Nestor akasema.

"Haya. Vumbi."

Akarudisha kioo yeye mwenyewe. Akamwendea Emil akamwambia asikate mpaka yeye anyamaze, hata kama maneno yatakuwa mengine. Emil akauliza maneno mengine yepi. Amparo akasema atayaona.

*

Mara ya tatu hakulia. Nestor alisubiri kile kilio na hakikuja, na kwa muda wa pumzi chache alidhani amemshinda. Akasikia kiti kikivutwa. Amparo aliketi karibu na kichwa chake, kama mtu anayekaa na mgonjwa.

"Watu wametoka," akasema, "kwa hiyo tuzungumze. Leo angalau hutanikatiza."

Nyuma huko mama mmoja akaguna. Hayakuwa maneno ya filamu.

"Unajua nilivyokuwa nafanya kila nikitoka kazini? Siku ambazo kazi imeenda vizuri, watu wamesimama, wamepiga makofi mpaka nimeona haya. Nilikuwa nafika mlangoni nasimama. Naufuta uso kwanza. Nausugua hivi kwa viganja, furaha itoke yote. Halafu ndiyo naingia. Unaniuliza ilikuwaje, nakwambia hovyo. Nakwambia nilisahau maneno. Nakuona unatulia, unanihurumia, unanipakulia wali. Ulikuwa unanipenda sana siku hizo ambazo nilikuwa mbaya."

Damu ilimpanda Nestor masikioni. Alikumbuka wali ule. Alikumbuka alivyokuwa akimpapasa mgongo akimwambia usijali, jukwaa si la kila mtu. Alitaka kukaa kitako aseme unasema uongo. Kupumua tu kwa nguvu kungetosha, au kuchezesha kope, na maneno yale yangeisha, yasingebaki mahali popote, na filamu ingekufa, na yeye angerudi nyumbani na mke wake wa zamani.

"Nimejifanya mbaya ili wewe ubaki mzuri," Amparo akaendelea, bila haraka. "Huo ndio uigizaji wangu mkubwa, na hukuwahi kuupigia makofi. Mama yako alipokufa sikulia. Ulinitazama nikaona unangoja. Nikajua nikilia nilivyotaka kulia, utasikiliza kama nalia vizuri. Nikasema bora nioshe vyombo. Nilimpenda mama yako. Nilimlilia kwenye basi mwezi mzima."

Nestor alijua kamera ilikuwa usoni mwake pia. Alijua mwanga uko wapi, alijua hata kivuli cha pua yake kimeangukia wapi, kwa sababu mambo hayo hayamtoki mtu. Akapumua kwa pua, polepole, tumbo lisipande.

"Sasa umekufa, wacha nikwambie. Nilikuwa mzuri, Nestor." Akataja jina lake, jina lake la kweli, mbele ya wote. "Nilikuwa mzuri kuliko wewe. Na wewe ulilijua kabla yangu. Ndiyo maana ulinifundisha kila kitu ukaniacha pale mlangoni."

Akainuka. Akapitisha vidole juu ya kioo kana kwamba anainyoosha rozari, akaondoka kwenye picha. Kiti kikabaki, na marehemu akabaki. Emil hakukata. Kamera ikaendelea kumtazama mwanaume aliyelala, na mwanaume yule hakutikisika, na kila aliyekuwapo aliona kwamba yule mtu amekufa kweli.

*

Waliposema kata hakuna aliyepiga makofi. Shangazi Loleng alikuwa wa kwanza kusogea. Alikikagua kioo kwa kidole, akatangaza kwamba hakina chozi hata moja. Wakakiondoa. Nestor hakuinuka.

"Bwana," akasema mwenye jeneza, "tafadhali. Mwenyewe anasubiri."

Ndipo akatoka, akasaidiwa kama mzee, unga ukimdondoka kwenye shati. Emil alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati. Alimuuliza Amparo ameyatoa wapi maneno yale, na lile jina, alikuwa amelipanga? Amparo akamwambia kisa ni cha jirani yao mmoja, na jina alilitaja kwa kuzoea tu, ulimi umemponyoka, wanaweza kuliziba kwa sauti baadaye. Alilisema kwa wepesi kabisa. Nestor alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, akamwona mkewe anamfichia aibu tena, mbele yake, na sasa alijua inavyofanyika.

"Na wewe, Kuya," Emil akamwambia, "ile ya mwisho umelala vizuri sana. Una kipaji."

Kwetu, mtu akitoka msibani harudi nyumbani moja kwa moja. Unapita mahali, unakaa, unakula kitu, ili kifo kikichoka kukufuata kibaki hapo. Amparo alisema leo hapakuwa na maiti. Shangazi Loleng akajibu kwamba maiti alikuwepo, kapakwa unga, wamemwona wote. Kwa hiyo wakapita kwenye kibanda cha uji wa wali karibu na soko, ule uji mzito wa tangawizi, wakakaa watatu. Shangazi akaonja, akasema chumvi haitoshi, akainuka na bakuli lake kwenda kugombana na mpishi.

Wakabaki wawili. Amparo alikuwa anakula kwa njaa, kichwa chini. Kwa miaka mingi kazi ya Nestor ilikuwa kusema maneno ambayo wanaume wengine wameshindwa kuyatamka kwa lugha yetu, nisamehe, nakupenda, nilikosea, mara kumi kabla ya chakula cha mchana. Sasa alikuwa anatafuta neno moja dogo, lake mwenyewe, na halikutaka kutoka. Wivu ulikuwa bado umekaa palepale kifuani. Haukuwa umeondoka hata kidogo, na alijua utarudi naye nyumbani hata wakipita kwenye vibanda vyote vya Marikina.

"Ulikuwa mzuri," akasema.

Amparo akaacha kutafuna. Akamtazama usoni kwa muda mrefu, kwa yale macho ya kazi, akiisikiliza sentensi ile ilivyotoka, wapi imekazwa na wapi imelegea.

"Sijaamini," akasema. "Rudia."

Nestor akaweka kijiko chini, akavuta pumzi kwa tumbo, akarudia.